Tulivyofunga Bandari kwa Papa Zena

Sisi tuliokulia mtaa wa Bel-Air miaka ile vita vilipoikata nchi vipande viwili, tuna harufu zetu ambazo vijana wa leo hawazijui. Mimi nakumbuka vumbi jekundu lililonyeshewa mvua ya kwanza, makayabu, wale samaki wa chumvi, yaliyoanikwa uani, na moshi mwembamba wa kulehemu uliotoka dirishani kwa Papa Zena.

Papa Zena alikuwa fundi wa redio, Mwislamu mpole mwenye asili ya Maniema. Kila kitu chenye waya katika barabara yetu kilipita mikononi mwake. Binti yake Zena nilikaa naye dawati moja shuleni. Ofisi moja ya mjini ilipofunga milango ilimwachia yule mzee kompyuta kuukuu, rangi yake kama meno ya mvuta sigara, na ndani yake mlikuwa na mchezo.

Vijana wa siku hizi wakisikia mchezo wa kompyuta wanafikiria kukimbia na kufyatua bunduki. Wa kwetu ulikwenda polepole kama misa ya Pasaka. Ulikuwa na ramani ya bahari ya zamani, wafalme wa zamani, na miji ya pwani yenye bandari. Kila bandari iliuza na kununua kwa bandari nyingine, na mwisho wa zamu mapato yake yalionekana. Sisi, watoto wa mji ulio mbali na bahari kwa pande zote, bahari tulijifunzia pale, juu ya kigoda kimoja, alasiri baada ya shule, mama yake Zena akitugawia karanga za kukaanga. Umeme ukikatika kabla hatujahifadhi, miaka mia ya ufalme ilipotea, nasi tuliinuka tukaenda kuruka kamba. Leo mtandao ukikwama dakika moja, mtoto anataka kuhama nchi.

Zena alikuwa mkatili kwa utulivu. Hakushambulia mji wangu hata mara moja. Alileta meli zake, akazipanga mbele ya bandari yangu, akangoja. Mchezo ulikuwa wa Kifaransa, na hali ile uliiita blocus. Sisi tuliiita blokisi. Zamu ya kwanza mapato ya bandari yalianguka, halafu yakawa sifuri. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba bandari rafiki zangu nazo zilianza kukonda, ingawa hakuna meli iliyozigusa, kwa sababu zilikuwa zikila kwangu nami nikila kwao. Nikipandisha kodi ili nilishe askari, watu wangu waliasi. Nilishindwa mara nyingi sana kabla sijagundua dawa yake, nayo ilikuwa barabara za nchi kavu. Bidhaa zilizunguka kupitia falme za jirani, zikachelewa, zikaleta kidogo, lakini mji ulipumua. Siku niliyomshinda Zena kwa njia hiyo nilirudi nyumbani nikijiona nina akili kuliko wafalme wote.

Papa yangu alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo. Vitenge, sabuni na maharage vilishuka kwake kutoka mashariki kwa malori, vikavuka ziwa, vikamalizia kwa treni mpaka depo yake, ghala la mizigo. Akina mama wachuuzi wa mtaa wa Katuba walikuja asubuhi kuchukua mizigo, na yeye aliwajua wote kwa majina ya watoto wao wa kwanza. Jumapili aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya isiyo na aibu, mdogo wangu Paluku akiwa mabegani mwake.

Vita vilipoifunga mashariki, malori yaliacha kuja, kisha treni. Depo ikabaki na magunia matupu. Akina mama wa Katuba wakakaa nyuma ya meza zisizo na kitu. Baadaye watu wakaacha kupeleka redio kwa Papa Zena, na sisi tukaanza kula bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilitambua kila hatua kabla haijafika, maana nilikuwa nimeiona kwenye kioo cha kompyuta. Halafu majirani wengine wakaanza kututazama vibaya, sisi watu wa kule mashariki. Papa akaacha kuongea lugha yetu barabarani, na Jumapili hakuimba tena.

Jumamosi moja nilimkuta depo, ameketi juu ya magunia. Nikakaa karibu naye nikamweleza mchezo wetu wote, meli, bandari, na jinsi nilivyompiga Zena.

"Papa, kama bamefunga mayi, tunapitisha bintu ku inchi kavu. Tunazunguka."

Akauliza tunazunguka wapi. Nilikuwa na atlasi ya shule mkobani. Nikaifungua mapajani, nikapitisha kidole: Kasumbalesa, Zambia, Tanzania, Uganda, kisha Kasindi, na hiyo hapo Butembo. Alicheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Kisha akaichukua atlasi mapajani mwangu.

"Na inaletaka kitu?"

"Kidogo, Papa. Lakini haiko zero."

Wiki mbili baadaye aliondoka. Mama alimpikia chakula cha njiani na kumfungia kwenye kitambaa cha buluu. Huenda alikuwa ameshafikiria safari ile kabla sijafungua mdomo. Wafanyabiashara wengine walizunguka hivyo hivyo, na hakuna mtoto aliyewaonyesha. Nimejiambia hayo maisha yangu yote.

Alifika. Tuliitwa kwenye phonie ya kanisa, ile redio ya kuongea na watu wa mbali, tukapanga mstari na familia nyingine. Sauti yake ilitoka katikati ya mikwaruzo: yuko mzima, amemwona mama yake, mizigo inapakiwa. Mwisho akasema, "Muambie Masika, njia yake iko muzuri." Watu wa mstarini walinigeukia mimi, Masika wake, wakitabasamu, nami nikajaa fahari hata nikashindwa kusimama sawasawa.

Lori alilopanda kurudi lilisimamishwa na watu wenye bunduki kabla halijafika mpakani Kasindi. Abiria waliorudi Butembo kwa miguu hawakuwa naye. Habari hiyo nayo ilitufikia kwa phonie, kwa sauti ya mdogo wake Papa, na mstari mzima ukaisikia pamoja nasi. Mama alikishika kile chombo cha kuongelea muda mrefu baada ya sauti kukatika, na hakuna aliyemwambia akiachilie. Mwili hatukuupata.

Sikugusa tena ile kompyuta. Zena alikuja mara mbili kunichukua, nikajificha. Kisha baba yake akaihamishia familia kijijini Lukafu kulima mahindi. Fundi wa redio akashika jembe. Sijawahi kumwona Zena tena.

Mwaka ulipopita ndipo nilipomwambia Mama. Alikuwa akichambua lenga-lenga, mchicha wetu, uani. Nilimwambia ni mimi niliyemwonyesha Papa ile njia, kwenye atlasi. Mikono yake haikusimama. Alichambua mpaka sinia likaisha, halafu akasema, "Usiambie Paluku." Jambo hilo hatukulizungumza tena mpaka tulipomzika Mama.

Siku hizi wanangu wanacheza na watu wa nchi wasizozijua, kila mmoja na simu yake, kila mmoja kona yake. Wana bahari, wana meli, na ninawasikia wakilalamika kwamba bandari zao zimefungwa. Sisi tulikuwa na kompyuta moja kwa barabara nzima, na mwenzako alikaa karibu nawe hata ukasikia harufu ya karanga mdomoni mwake. Wanangu wananicheka. Wanasema sisi wa zamani hatukujua kitu, kwamba mama yao hajui hata kushika mchezo. Nawaacha wacheke. Wakiniuliza babu yao alifia wapi, nasema alifia safarini, kisha nawatuma wakaniletee maji.