Tembo Wekundu wa Dada Tabitha

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kila ninaposikia mluzi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mwenye uwezo Dodoma anafungua gesti. Nilikuwa mpishi katika gesti moja ya Makole, na mwenye gesti akampa dada yangu Tabitha ukuta wa ukumbini achore wanyama wa porini wakinywa maji.

Dada akachora. Tembo wekundu, nyati wa buluu, twiga shingo zimepinda, na wingu la njano limewalalia migongoni. Hakuna mnyama aliyekaa sawasawa. Lakini kiu yao uliiona, hata mimi nikipita na sufuria nilitamani maji. Nilimwonea fahari dada yangu, wala sikuficha.

Mwenye gesti hakupendezwa. Alisema tembo ni wa kijivu, hata mtoto anajua, akanunua kopo la rangi nyeupe. Akaagiza kesho yake Tabitha aufute ukuta wote kwa mkono wake mwenyewe. Dada alikaa jikoni kwangu tu, chai ikampoa mkononi.

Asubuhi, dada ameshachovya brashi, akaingia mfugaji mmoja mzee wa Chemba aliyeleta ng'ombe mnadani. Alipouona ukuta aliegemeza fimbo yake mlangoni, akaanza kupiga mluzi. Mluzi wa polepole, ule ambao wafugaji wetu huwapigia ng'ombe kisimani ili wanywe kwa utulivu.

"Shikamoo mzee," mwenye gesti akasema. "Unampigia nani mluzi?"

"Marahaba. Hawa hapa," mzee akajibu bila kugeuka. "Wamefika majini na hofu. Waache wanywe."

Mwenye gesti aliutazama ukuta kwa muda mrefu. Nadhani ndipo naye alipowaona. Kisha akalichukua lile kopo kutoka kwa dada, na rangi yake ikaenda kupakwa chooni. Dada alilia, nami nikalia naye, halafu nikachemsha chai nyingine.

Mwanangu, ukikutana na kazi ya mtu usianze kuuliza kama inafanana na unachokijua. Simama kwanza, uone inakufanya nini. Na ikiwa wewe ndiye mchoraji, wape wanyama wako kiu ya kweli. Wa kuwapigia mluzi atatokea. Mungu akulindie macho, aubariki mkono wako, na siku utakaposhikishwa kopo la rangi nyeupe, amlete mlangoni mtu wa kusema, "Waache wanywe."