Dripu Aliyoishuku Mwajabu

Mwajabu hakuwa mtu wa kuamini ovyo. Pale Buguruni alikouza viatu vya mitumba, wenzake walimjua: soda lazima ifunguliwe mbele ya macho yake. Ndiyo maana asubuhi ile, kifua kilipombana kama kimekaliwa na mtu na jasho la baridi likamtoka, hakuwaza ugonjwa. Aliwaza uji aliotoka kuunywa kwa Felicitas, muuza uji wa meza ya jirani.

“Umeniwekea nini humu?” alimuuliza kwa nguvu zote zilizobaki. Soko likageuka.

Felicitas alisimamisha bajaji, akampakia, akamshikilia njia nzima mpaka hospitali. Mwajabu alikuwa akiutazama mkono uliomshika, akazidi kuuogopa.

Manesi walimbandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi ya mapigo ya moyo. Aspirini aliitafuna kwa kuwa alimwona nesi akiitoa kwenye pakiti. Kisha akaja daktari kijana, Lusungu.

“Shikamoo, mama. Damu imeganda, ikaziba mshipa wa moyo. Tunataka kukuwekea dripu ya dawa inayoyeyusha hilo bonge. Tukichelewa, moyo unazidi kuharibika. Umewahi kupata kiharusi? Kutapika damu? Upasuaji karibuni?”

“Hapana. Mbona maswali ya damu tu?”

“Kwa sababu dawa hii inaweza kukufanya uvuje damu, hata kwenye ubongo. Ni wachache wanaopatwa, ila wapo wanaokufa. Kwa hali yako, kukaa bila dawa ni hatari zaidi.”

Dawa inaua, naye anasema waziwazi? Mwajabu alimkazia macho, akitafuta penye uongo. Hakupaona. Wote waliowahi kumtapeli walimwambia hakuna shida.

“Weka,” akasema. “Ila usiondoke hapo.”

Dripu ikaanza kushuka. Baadaye akaonja damu mdomoni, akapiga kelele. Lusungu akamkagua: ni fizi tu. Akampima presha, akamwongelesha mfululizo, amsikie kama ulimi unakuwa mzito, dalili ya damu kuvuja ubongoni. Taratibu kifua kikaachia.

“Na sumu je?” Mwajabu aliuliza jioni.

“Hakuna sumu, mama. Ni presha na sukari, tena za miaka.”

Felicitas alikuwa bado nje kwenye benchi. Alipoitwa ndani, Mwajabu alianza, “Mwenzangu, yale niliyosema…”

“Umeyasema mbele ya soko zima,” Felicitas alimkatiza. “Mie sasa uji nitamuuzia nani?”

Mwajabu aliporuhusiwa na kupata nguvu, alirudi Buguruni akakuta benchi la wateja wa Felicitas tupu. Hakufungua viroba vyake vya viatu. Alizunguka meza kwa meza, akipumzika kila alipochoka, akieleza kwamba ulikuwa moyo, na kwamba aliyemwahisha hospitali ni Felicitas huyohuyo.

Wengine walimpa pole. Wengine waliitikia tu, wakaendelea na biashara zao. Muuza mikoba mmoja akainama, akamnong’oneza, “Kwani amekuhonga nini?”