Koti Jeusi la Kings Heath

Acheni nijicheke mwenyewe kabla nyinyi hamjanicheka, maana siku ile nilitembea barabara ya Kings Heath, huku ugenini kwa Waingereza, na koti la dukani mwilini, karatasi ya bei inapepea mgongoni, na kichwa nimeinua kama bibi harusi.

Ilikuwa hivi. Kwaya yetu ya wamama ilialikwa kuimba kwenye harusi Jumamosi, na Mama Esta, kiongozi wetu (anaongea kwa pua hata akiwa hana mafua), akatangaza: "Wamamaaa, koti jeusi tupu, sitaki maua, sitaki vifungo vya dhahabu! Asiye nalo atakaa na wageni." Mimi nikae na wageni? Mimi ninayeanzisha nyimbo?

Basi nikamkokota mjukuu wangu Neema mpaka duka la mitumba, lile ambalo wazee wanauza bila mshahara na pesa inaenda kwa wagonjwa. Koti nikaliona: jeusi, refu, limenyooka, kama lilishonwa siku niliyozaliwa likanisubiri. Nikalivaa, langu chakavu nikampa Neema ashike. Bei, pauni kumi na mbili. Nikamwonyesha mzee muuzaji vidole sita. Akatikisa kichwa: "Soori, mai lavu."

Sasa kwetu Uvira, muuzaji akikataa hupigi kelele. Unakunja uso, unaondoka polepole. Akikuita mara moja, bei imelegea. Mara mbili, imeshuka. Akikukimbilia, mali ni yako. Nikakunja uso, nikaondoka. (Kulivua? Lilikuwa na joto tamu, nikasahau kabisa kama liko mwilini.)

"Eskyuzi mi, madam!"

"Usigeuke," nikamwambia Neema, "imelegea."

"Bibi, the coat!"

"Nyamaza, unaniharibia."

"Madam! Madam, pliiiz!"

Imeshuka! Nikaongeza mwendo. Mara nasikia viatu, pa-pa-pa, mzee wa watu anakimbia! Moyo ukacheza ngoma: leo nalichukua kwa nne.

Akanifikia kituo cha basi, anahema hoo, hoo, uso mwekundu kama nyanya, na mimi nikageuka na tabasamu la ushindi, nikamnyooshea vidole vinne. Foleni nzima ikatukodolea macho. Kumbe Mama Esta alikuwa humo kwenye foleni, na pua yake: "Mama Furaha, unaiba?"

"Naiba nini? Napatana bei!"

"Unapatana huku umelivaa?"

Nikajitazama. Yesu wangu! Neema alishasogea hatua kumi, anasoma ratiba ya mabasi kama hanijui.

Mama Esta akamweleza yule mzee desturi yetu, naye akacheka mpaka akashika nguzo. Nikadhani sasa huruma imemwingia. Akafuta machozi: "Tweluvu, mai lavu."

Nikarudi dukani, nikalipa kumi na mbili zote, na Jumamosi nikasimama mstari wa mbele, nikaanzisha. Aibu ya kudhaniwa mwizi ilishapita. Inayoniuma mpaka leo ni ile nyingine: mimi, mtoto wa soko la Uvira, kulipa bei ya kwanza! Kwa hiyo nimeapa: kupatana bei sitaacha mpaka naingia kaburini, lakini kwanza navua.