Gari Lililotaka Kura

Fundi wetu wa Kitale, mzaliwa wa Kabuchai, hupima joto la injini kwa kiganja, macho kayafumba, kama mama aliyeshika paji la mtoto mwenye homa. Mdomoni mwake l na r ni pacha. Pikapu ya Mzee Kimaiyo ilikuwa ikichemka kila ikipanda Kapsokwony, naye akaileta gereji Jumamosi, maana kesho yake ingewapandisha wakwe zake wapya.

"Mzee, hii gali inataka kura."

"Kura? Si uchaguzi uliisha, bana!"

"Kura hewa!"

Akaitoboa boneti kwa patasi, akilipuliza kila tundu polepole. Kimaiyo akajishika kichwa.

Jumatatu alirudi akipiga honi tangu barabarani. "Fundi! Wakwe hawakushuka kusukuma! Mlimani imepita bila kupingwa!"