Kava Zilizowatimua Ng'ombe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunijia kila nishikapo msasa. Ni siku ile Mzee Lemburis alipoirudisha gereji pikipiki yake, injini imepakwa mavi ya ng'ombe kushoto na kulia.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ndipo utanielewa. Wazazi wetu walifariki kabla sijamaliza shule ya msingi. Mimi ndiye mkubwa, basi nikaacha shule, nikaingia kwenye gereji ya Fundi Mhando, Korogwe mjini, kazi yangu kuosha vipuri. Nyumbani niliacha wadogo watatu. Mjomba wetu, mtu mwema lakini naye na watoto wake tele, alikuwa ameshatamka: nisipopata kazi ya kueleweka kabla ya mavuno, atawagawa. Mmoja aende Dindira kwa shangazi, mwingine Kwashemshi, kitinda mimba apelekwe Handeni. Hakusema kwa ubaya. Ila nilijua watoto wakitawanyika hivyo, wanakuja kuonana misibani.

Ndipo ikaja pikipiki ya Mzee Lemburis, mfugaji wa Kimaasai wa kule tambarare za Handeni. Ilikuwa ya zamani, imenizidi umri, na kabla yake iliwahi kuendeshwa na bwana mifugo. Watu walimshauri aiuze kama chuma chakavu, akakataa. Alisema hizi mpya hazina kifua. Fundi Mhando akaifufua injini. Zile kava za alumini zinazoifunika injini huku na huku, ambazo zilikuwa zimeliwa na kukwaruzika vibaya, akaniachia mimi.

"Mzee anataka zipendeze," akaniambia. "Hii kazi ni yako peke yako. Akiridhika, una meza yako hapa, fundi kamili. Asiporidhika, utaendelea kuosha vipuri kwa chai na maandazi."

Nilizifanyia kazi kava zile kama ninayemtengeneza bibi harusi. Nilizipiga tupa, nikapitisha msasa mkali, kisha laini, kisha ule wa maji. Nikachonga mistari inayotawanyika kama miale ya jua. Nikasugua kwa kitambaa na dawa mpaka mdogo wangu wa kike, aliyekuwa ameniletea chakula, akainama akafunga kilemba chake akijitazama humo. Wapita njia wakasimama. Mzee Lemburis mwenyewe alipokuja kuichukua alicheka, akanipa mkono, akaondoka. Usiku ule nililala fundi.

Haikupita wiki, akarudi na yale mavi.

Nilisikia machozi yanataka kunitoka kwa hasira. Fundi Mhando yeye alicheka mpaka akakaa kwenye tairi. "Leo gereji inanukia boma!"

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Kijana, kazi yako nzuri. Nzuri mno, na ndiyo shida yake. Jua likipiga pale, ng'ombe wangu wanakimbia. Nimepaka mavi, injini ikipata moto yanakauka, yanadondoka, tena yananuka."

"Mlio wa pikipiki hawauogopi?"

"Mlio wanaujua tangu ndama. Huo mwanga ndio hawaujui."

"Watazoea tu, mzee."

Hakukasirika, na nadhani angekasirika ningeona nafuu. "Uliing'arisha ili aione nani?"

"Watu, mzee."

"Watu mimi nawaona siku ya mnada. Siku nyingine zote niko na ng'ombe. Uliniuliza naendesha wapi?"

Sikuwa nimemuuliza. Fundi Mhando akaacha kucheka. "Chukua vifaa, panda nyuma, nenda naye," akaniambia. "Usirudi mpaka mzee mwenyewe aseme umemaliza."

Njia nzima mpaka Handeni nilikuwa nawaza wadogo zangu, nani atamvusha yule mdogo barabara huko atakakopelekwa. Na bado, mwanangu, moyoni nilikuwa nabishana. Nilijiambia huyu mzee anatia chumvi.

Kesho yake asubuhi tukaosha mavi yale, akaniambia nisimame kwenye kichuguu nitazame. Akaendesha taratibu kuelekea kundi. Walisikia mlio, wakaendelea kula. Kisha akakata kona, jua likapiga kava. Vichwa vikainuka kwa pamoja, halafu kundi lote likachomoka. Mtamba mmoja aliingia kwenye miiba na ndama akamfuata. Mzee akazima pikipiki, akaenda kuwatoa. Nilimsaidia kumshika ndama huku akimchomoa miiba mguuni, mmoja mmoja, akimwongelesha kwa Kimaasai. Ubishi wangu ukaishia pale.

Nikamwaga oili kwenye ndoo, nikafungua kava zote mbili, nikaifunga injini kwa gunia safi vumbi lisiingie. Nikateremka korongoni kutafuta mchanga. Nikalowesha kipande cha gunia, nikaanza kuisugua kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, ili ififie. Mkwaruzo wa kwanza ulinipitia moyoni. Mke wa mzee alipita na kibuyu cha maziwa, akaniona nilivyonuna.

"Huyu anasugua au anazika?" akamuuliza mumewe, wakacheka wote wawili. Nami nikajikuta nacheka.

Baada ya hapo mkono ukalegea. Nikaiona miale niliyoichonga ilivyoshika uchafu, nikaipiga tupa ikaisha. Nikagundua mchanga ukisuguliwa kwa mwelekeo mmoja unaacha alumini na kijivu kitulivu, kisichorudisha mwanga, na doa la mafuta halionekani upesi. Sikuwahi kufundishwa hilo na mtu.

Nikazifunga tena kava, nikarudisha oili, na kesho yake jua lilipopanda mzee akapita katikati ya kundi. Ng'ombe mmoja aliinua kichwa, akatafuna, akainama tena.

"Sasa nipendezeshe," mzee akasema. "Niwekee alama yangu." Akamvuta dume aliyekuwa karibu, akanionyesha mkato wa sikioni ambao ng'ombe wote wa ukoo wake wanakatwa. Nikauchonga kwenye kava ya kulia, mdogo, usio na kina. Akaupitishia kidole gumba. "Umemaliza," akasema.

Maneno hayo ndiyo aliyomwambia Fundi Mhando. Nilipata meza yangu. Mjomba alikuja kuniona nikifanya kazi, akakaa kidogo, akanywa chai, akaondoka bila kuwagusa watoto. Tulikulia nyumba moja sote wanne. Siku hizi kila mmoja ana kwake, na sikukuu wananijazia uwanja wajukuu.

Nanyi siku hizi mnaniletea pikipiki za baba zenu, mnataka kava nyeusi, kava za dhahabu, kava zenye majina ya wachumba. Nazifanya kwa furaha. Lakini utaona kabla sijagusa bisibisi nakuuliza unaendesha wapi, unabeba nini, unapita wapi mvua ikinyesha. Wengine mnaona mzee mimi nina maneno mengi.

Nasaha yangu ni hii. Kitu unachomtengenezea mtu kitaishi kwake, si kwako. Basi yajue maisha yake kwanza, uzuri utafuata. Ukiambiwa hakifai, usikitetee ukiwa umekaa. Nenda ukaone kwa macho yako. Na ikibidi uharibu ulichokipenda ili kimfae mwenyewe, kiharibu kwa mkono wako, polepole, kwa ufundi ule ule uliokitengeneza. Na wewe, mwanangu, uliyeachiwa wadogo kama nilivyoachiwa mimi, nakuambia zaidi: usione haya kurekebishwa. Wao hawali sifa zako, wanakula kazi yako.

Mungu akupe mikono yenye subira na masikio yanayosikia. Akuwekee wako wote karibu, na kila kinachotoka mkononi mwako kikamfae aliyekipokea. Amina, mwanangu.