Niangalie Nikila

Nilipokuwa mtoto kule Nunguni, miaka ya sabini, nyanya yangu alikuwa akila akinipa mgongo. Anavuta kigoda, anageukia ukuta, anafunika sahani kwa leso hadi nitoke. Ati nina jicho baya. Siku moja nilimsifu ndama wa jirani, nikasema ni mzuri sana, na kabla ya jioni ndama akafa. Basi, ikawa hivyo. Maziwa yakikatika, ni Ndunge aliyatazama. Ndunge ndiye mimi.

Mama hakuamini mambo hayo hata kidogo. Alikuwa mtu wa kanisa, na mkaidi kupita kiasi, nadhani nimemfuata. Krismasi ya mwaka niliokuwa darasa la tano, aliahidi kuwaokea wageni wa kanisa biskuti za viungo alizofundishwa katika kikundi cha akina mama. Oveni hatukuwa nayo. Tulikuwa na sufuria kubwa yenye mchanga, sahani ya bati ndani yake, makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko.

Asubuhi ya mkesha alichanganya unga, sukari na siagi kwenye karai, akatwanga tangawizi kavu na mdalasini. Harufu ikanivuta hadi mlangoni. Nyanya, aliyekuwa akichambua maharagwe pembeni, akaniona.

"Huyo asiingie," alisema. "Akiingia, ateme mate kwanza kwenye huo unga, aondoe jicho lake."

Hiyo ndiyo dawa iliyojulikana kwetu: mwenye jicho anatema mate kidogo juu ya kitu alichokitazama, na ubaya unaondoka.

"Mama, nakuheshimu," mama yangu alimjibu mkwe wake. "Lakini mtoto hatatema mate kwenye chakula cha wageni. Hana kitu cha kuondoa." Kisha akanigeukia. "Ndunge, nawa mikono. Leo ni wewe utaoka. Na utazame vizuri, mwanzo hadi mwisho."

Wuui, niliogopa mimi! Maana hata mimi nilishaanza kuamini. Mdogo wangu aliyekuwa bado anabebwa mgongoni nilikuwa nikimtazama kwa kuibia tu, nisije nikamdhuru.

Nilikata biskuti kwa mdomo wa kikombe, nikazipanga, nikafunika, nikachuchumaa mbele ya jiko. Nilipofunua, zilikuwa nyeusi tititi. Nyanya aliguna tu, "Mmh," na hiyo mmh iliniuma kuliko kiboko. Machozi yakanitoka.

"Makaa ya juu yalizidi," Mama alisema, akawamwagia kuku zote. "Punguza. Anza tena."

"Mama, sitaki."

"Kwani nimekuuliza?"

Nilipangusa kamasi, nikaanza tena. Safari hii nilipunguza makaa, nikakodoa macho, nikasema moyoni: sitoki hapa. Kama kweli ni jicho, basi litazame hadi lichoke. Zikaiva vizuri, kahawia, na jiko zima likanukia tangawizi. Mama alinipa moja nimpelekee Nyanya, kisha akajifanya anaosha karai.

Nyanya aliishika. Nilijua mambo yake, kwa hivyo nikageuka nitoke ili apate kula.

"Unaenda wapi?" aliuliza. Akazungusha kigoda, akaupa ukuta mgongo. "Kaa hapo. Niangalie nikila."

Alitafuna polepole, mkono mmoja tumboni, macho yake kwangu. Sikupepesa. Alipomaliza alipangusa makombo kwenye leso, akaitisha nyingine.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama ushindi wa Mama. Na kweli, bila yeye ningekua nikitembea nimeinamisha kichwa, nikiogopa kumtazama mtu. Nampenda kwa hilo. Lakini siku hizi, Desemba ikifika na watoto wangu wakigombania kukata biskuti, ninayemfikiria zaidi ni Nyanya. Kwa Mama haikuwa kazi kubwa, kwa sababu hakuamini. Nyanya aliamini hadi tulipomzika. Yule ndama alimtaja hata akiwa kitandani mgonjwa. Asubuhi ile alikuwa na hakika kabisa kwamba macho yangu yangeweza kumuua. Akala, na akaitisha nyingine.