Wasiwasi wa Saa Kumi na Moja Jioni

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye makao ya wazee pale Louisville, Marekani, nilipewa sare ya bluu, viatu visivyoteleza na mkanda mpana wa kitambaa. Mkanda huo tulimfunga mzee kiunoni kabla ya kumsimamisha, ili akiyumba uwe na pa kushika. Walinifundisha kila kitu isipokuwa saa kumi na moja jioni.

Zamu ya jioni niliiomba mwenyewe. Wenzangu wa kanisani, mtaa wa Iroquois, walinishangaa, maana kila mtu alililia ya asubuhi. Sikuwaambia sababu. Tangu jioni ile nilipokimbia vita Kivu na binti yangu Neema mgongoni, giza likianza kuingia moyo ulinidunda na mikono ikawa baridi. Nikawaza, heri saa hiyo inikute kazini kuliko nyumbani na woga wangu.

Bon, basi, jioni ile ile ya kwanza, bibi mmoja aliyekuwa mpole mchana kutwa akainuka, akaanza kuvuta kitasa cha mlango na kulia kwamba anachelewa. Nikasema moyoni, huyu ana pepo. Si mimi mtu wa maombi? Nikamwekea mikono kichwani, nikakemea kwa sauti ile ya mkesha. Masikini, bibi alipiga yowe hadi wapishi wakaacha sufuria zao.

Nesi mkuu, mama mwembamba asiyecheka ovyo, aliniita ofisini.

"Hapa hatukemei mtu," akasema. "Huu ni wasiwasi wa machweo. Mwanga ukipungua, akili iliyochoka inapotea njia. Wewe chunguza. Wasiwasi umeanza saa ngapi, na nini kimetangulia?"

Nikachunguza kweli, nikawa mdadisi kuliko polisi wa mpakani. Niliangalia vivuli kwenye vioo, kahawa ya alasiri, kelele za televisheni. Tena niligundua jambo: ukiudadisi woga wa mwenzako, wako unanyamaza kidogo.

Tulipohamia Columbus nilipata kazi upande wa Gahanna. Msimamizi wa zamu, baba mnene wa maneno machache, alinikabidhi mzee aliyekuwa dereva wa lori. Kila jioni alisimama mlangoni akimpiga ngumi anayemzuia. Niliketi naye jioni tatu, namtazama tu. Kumbe hakuanza giza lilipoingia! Alianza pale wafanyakazi wa asubuhi walipovaa makoti na kubeba mifuko. Watu wote wanaenda kwao, yeye abaki kwa nini?

"Bosi, makoti tuvalie jikoni," nikamwambia.

"Makoti?"

"Makoti."

Tukajaribu. Jioni hiyo mzee alikunywa supu yake yote akaomba nyingine. Msimamizi alisema tu, "Endelea kutusumbua na maswali yako." Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Kazi niliimalizia Buffalo, magoti yalipokataa. Naishi na Neema karibu na Grant Street, wawili tu. Yeye yuko kwenye ghala, zamu ya jioni, miaka mingi sasa. Siku ya kustaafu kanisa lilinipikia pondu, yale majani ya muhogo, na mchele, tukaimba. Kesho yake saa kumi na moja ikafika, na sikuwa na mzee wa kumshika mkono. Ule woga wa Kivu ukanikuta jikoni, mzima, haujazeeka hata siku moja. Niliona aibu, wacha niseme ukweli. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii, msidhani anayejua kutuliza watu amejituliza mwenyewe. Nimetuliza wazee wa miji mitatu, na woga wangu nilikuwa naukimbia tu, nao ulikuwa na subira.

Neema alikuwa na mapumziko siku hiyo. Alinikuta nimeshika sinki kwa mikono miwili.

"Mama, uko na nini?"

Nilitaka kusema magoti. Nikachoka kudanganya.

"Naogopa," nikamwambia. "Giza likianza, naogopaka. Tangu kule."

Sikuwahi kumtamkia neno hilo. Siku ile ya kukimbia alikuwa na miaka mitano, amelaza kichwa begani kwangu, na miaka yote nilimshukuru Mungu kwamba alikuwa amelala.

Neema akavuta kiti, akaketi.

"Mama," akasema, "unafikiri ni juu ya nini nakataaka zamu ya asubuhi?"